Vumbi jeupe dirishani Pongwe: linatoka wapi, na ndilo linalotukohoza?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi Pongwe, Tanga, na mama yangu na watoto wawili. Kila asubuhi napangusa vumbi jeupe madirishani, jioni limerudi. Mama anakohoa mwaka wa tatu sasa, na mwanangu wa miaka sita ana pumu. Majirani wanasema ni kiwanda cha saruji. Watu wa kiwandani walipokuja kwenye mkutano wa mtaa wakasema ni barabara, kwa sababu malori ya mawe yanapita mbele ya nyumba yetu na hakuna lami. Tunapikia kuni na mkaa. Nitajuaje ukweli? Nani anatuumiza?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na yakiachwa yamefungana hutapata jibu la lolote. La kwanza, vumbi la dirishani linatoka wapi. La pili, nini kinamkohoza mama na kumbana mtoto kifua. Majirani zako na hao watu wa kiwandani wote wamechukulia kwamba ukilijibu moja umelijibu na la pili. Huenda ikawa hivyo kwenu, lakini mara nyingi haiwi.

Kabla ya vumbi lenyewe, mama apelekwe hospitali wiki hii, asingoje tumalize uchunguzi. Kikohozi kilichozidi wiki mbili hapa kwetu hupimwa kifua kikuu kwanza, na vipimo na dawa za TB hazilipiwi. Daktari aambiwe amepikia kuni miaka mingapi, kama amewahi kufanya kazi ya kuponda kokoto, machimboni au kwenye mashine za mkonge, na kama kikohozi huzidi alfajiri, jikoni au usiku. Akionekana hana TB, aulize kuhusu ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao huwapata sana wanawake waliokaa na moshi wa kuni hata kama hawajawahi kuvuta sigara. Ugonjwa huo hupimwa kwa kupuliza mashine iitwayo spairometa, na kama kituo chenu hakina, aandikiwe rufaa ya hospitali ya Bombo, Tanga mjini, au kwingineko ilipo. Apimwe na shinikizo la damu siku hiyohiyo. Sababu yake nitaieleza.

Sasa tuje kwenye vumbi, na tuanze na ukubwa, kwa sababu ukubwa wa chembe ndio unaotuambia imetoka umbali gani na itaishia wapi mwilini. Unywele wa mtu una upana wa mikromita 50 hadi 70, na mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita. Chembe ya mikromita 100 ikiachwa kwenye hewa iliyotulia huanguka sentimita 25 na zaidi kwa sekunde. Ya mikromita 10 huanguka chini ya sentimita moja kwa sekunde. Ya mikromita 2.5 haizidi mita mbili kwa saa nzima, na upepo mdogo tu unatosha kuifanya isianguke kabisa. Kwa hiyo lile unalolipangusa kwa kitambaa, lile ambalo mtoto anaweza kuandikia jina lake kwa kidole, kwa uzito wake sehemu kubwa ni chembe nene. Chembe nene hazisafiri mbali. Zimetoka jirani, au zimebebwa na upepo mkali siku hiyo.

Chembe nene hukwama puani na kooni. Zinawasha macho, zinakausha koo, zinamwanzishia mwenye pumu kubanwa, na nisingependa mtu akwambie ni jambo dogo. Zilizo chini ya mikromita 10 hupita koo. Zilizo chini ya 2.5 hufika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya pafu, pale hewa inapokutana na damu, na zile ndogo kuliko zote huweza kuingia kwenye damu yenyewe. Ndiyo maana kati ya watu wanaokufa kwa hewa chafu duniani, wengi huondoka kwa ugonjwa wa moyo na kiharusi, na ndiyo maana nimetaka mama apimwe shinikizo la damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha viwango vyake: wastani wa mwaka wa chembe hizo za 2.5 usizidi mikrogramu 5 (mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu) kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, na wastani wa siku usizidi 15. Kwa chembe za 10 ni 15 kwa mwaka na 45 kwa siku. Mwaka 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka hewa chafu ya nje, pamoja na chembe zake, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Kuna kanuni moja ya kushika: kinachopondwa, kusagwa au kukanyagwa na tairi hutoa chembe nene, na kinachoungua hutoa chembe ndogo. Kiwanda cha saruji hufanya yote mawili. Machimbo, vinu na mikanda ya kubebea mawe hutoa vumbi nene. Tanuri, ambalo ndani yake mawe hufikishwa nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi kwa moto wa makaa ya mawe au gesi, hutoa chembe ndogo, pamoja na gesi ambazo baada ya saa kadhaa hewani hugeuka zenyewe kuwa chembe, mbali na bomba lililozitoa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "bomba letu halitoi vumbi" kama jibu la vumbi la dirishani, wala "vumbi ni la barabarani" kama jibu la moshi wa bomba. Kila moja lina swali lake na ushahidi wake.

Tuanze na lile unaloliona. Kwangua kijiko kimoja cha chai dirishani, weka kwenye kisahani, dondoshea siki au maji ya ndimu, kisha inama ulitazame kwa karibu. Likichemka vipovu vidogo, na ukisogeza sikio utasikia mchemko mwembamba, basi ndani yake kuna jiwe la chokaa. Wengi wakifika hapo wanashangilia kwamba wamemkamata mwizi. Wasubiri kidogo. Ukanda wote wa Tanga, kuanzia mapango ya Amboni hadi huko kwenu, umekaa juu ya mawe ya chokaa, na karibu na bahari ni matumbawe ya kale. Kifusi kilichomwagwa barabarani kwenu huenda ni jiwe lilelile linaloingia kiwandani. Hata majivu ya kuni hutoa povu. Siki itakwambia hili ni jiwe la chokaa, lakini haitakwambia nani ameliinua.

Unaweza kusogea hatua moja zaidi. Chukua vumbi jingine, lilowanishe, lifinyange kitonge cha ukubwa wa punje ya harage, ukifunike kwa kikombe kivulini siku mbili, kisha ukitumbukize majini. Vumbi la mawe au la udongo litabomoka. Likiwa na saruji mbichi nyingi, kitonge kitashikana na kubaki kigumu majini. Kikishikana umepata habari nzito, kwa sababu barabara haitoi saruji iliyokamilika. Kikibomoka hujapata kitu, kwa sababu saruji iliyokaa dirishani kwenye unyevu wa Tanga huwa imeshalewa maji na nguvu yake imekwisha.

Kinachotenganisha barabara na kiwanda vizuri zaidi ni umbali na upepo. Vumbi la tairi hupungua haraka sana ukiiacha barabara. Hatua mia moja au mia mbili tu na sehemu kubwa imeshatua. Vumbi la kiwanda, likiwa limetoka juu au kwenye eneo kubwa la machimbo, huanguka karibu sawa kwenye nyumba zote zilizo kwenye mkondo mmoja wa upepo, iwe barabarani au ndani ndani. Tafuta vipande vinne vya kioo vya ukubwa mmoja, uvipake vaselini nyembamba. Kimoja weka upande wa nyumba unaotazama barabara, kimoja nyuma ya nyumba, na viwili kwa jirani aliye mbali na barabara lakini si mbali zaidi na kiwanda. Viwe kwenye kimo cha mtu, mbali na jiko na mbali na mahali kuku wanapochakura. Baada ya siku saba vipange juu ya kitambaa cheusi, vipige picha mchana. Kile cha barabarani kikiwa kimejaa na vingine vitatu viko wazi, umepata jibu la vumbi nene, na jibu hilo litawaudhi majirani zako. Vyote vinne vikilingana, umepata jibu jingine. Rudia wiki nyingine. Wiki moja haitoshi kumshtaki mtu.

Wakati huohuo andika daftari. Hukuniambia nyumba yenu iko upande gani wa kiwanda, kwa hiyo itakubidi usimame uani na utazame mwenyewe. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia karibu na masika mpaka Septemba au Oktoba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Mkiwa upande wa kaskazini wa kiwanda, vumbi lake liwajie kwa kusi na liwapumzishe kwa kaskazi. Mkiwa kusini-magharibi yake, iwe kinyume. Vumbi lisilobadilika upepo unapogeuka lina asili ya hapohapo mlipo. Usiku kuna upepo wa bara ambao wavuvi wanauita umande. Hutoka nchi kavu kwenda baharini, hivyo asubuhi na mapema hewa inaweza kuwa inatoka upande tofauti kabisa na ule wa mchana. Andika Jumapili na sikukuu, siku ambazo malori hupungua ilhali tanuri haliwezi kuzimwa kwa ajili ya Idi wala Krismasi. Andika mvua: ikinyesha, barabara hunyamaza, bomba halinyamazi.

Majirani watakwambia kiwanda hufungulia moshi usiku ili watu wasione. Siwezi kusema hakuna kiwanda kinachofanya hivyo. Lakini jua kwamba usiku na alfajiri hewa ya karibu na ardhi hupoa na kutulia, ile ya juu ikiwa na joto zaidi, na moshi wote wa majiko, wa taka na wa malori hubanwa chini mpaka jua lipande. Moshi uleule wa saa saba mchana huonekana na kunuka mara kadhaa zaidi saa kumi na mbili alfajiri bila mtu yeyote kuongeza kuni.

Chembe ndogo hazifuatiliki kwa siki wala kioo. Hapo ndipo kazi yetu sisi tunaopima hewa inapoingia. Mashine huvuta hewa kupitia mlango unaozikataa chembe zilizozidi 2.5, na hewa iliyobaki hupita kwenye filta nyeupe ya duara, pana kuliko sarafu. Kwa saa 24 mashine ya kawaida hupitisha mita 24 za ujazo. Hewa ikiwa na mikrogramu 30, filta nzima itakuwa imeongezeka uzito wa chini ya miligramu moja. Ndiyo maana tunaipima kabla na baada kwenye mizani inayosoma sehemu ya milioni ya gramu, ndani ya chumba chenye joto na unyevu visivyobadilika, na tunaishika kwa kibano. Alama ya kidole ina mafuta yanayotosha kuharibu kipimo cha siku nzima. Ukizipanga mezani, filta zinaanza kusema hata kabla ya maabara. Ya ufukweni hurudi karibu nyeupe, maana sehemu kubwa ni chumvi ya bahari. Ya kando ya barabara ya vumbi ina rangi ya udongo. Ya jikoni penye kuni ni nyeusi.

Maabara ndiyo hutaja wenyewe. Kila chanzo huacha alama zake. Sodiamu na kloraidi ni bahari. Silika, aluminiamu na chuma ni udongo. Kalsiamu nyingi kuliko ya udongo wa kawaida ni mawe ya chokaa, saruji au chokaa ya kuchoma. Potasiamu pamoja na sukari moja iitwayo levoglukosani, inayozaliwa mti unapoungua, ni kuni na mashamba yanayochomwa. Vanadiamu na nikeli hutoka kwenye mafuta mazito ya meli, na kwa mji wa bandari kama Tanga hizo lazima zitazamwe, ingawa zimepungua tangu Januari 2020, salfa katika mafuta ya meli ilipolazimishwa kushuka kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Shaba, bariamu na antimoni ni breki za magari. Na kwa masizi kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote: kaboni ya 14, aina ya kaboni ambayo viumbe hai huipata hewani na ambayo hufifia yenyewe kwa maelfu ya miaka. Mti uliokatwa juzi bado unayo. Makaa ya mawe na dizeli, vilivyozikwa ardhini mamilioni ya miaka, havina hata chembe. Kwa hiyo masizi ya jiko la kuni na masizi ya tanuri au ya lori yanatenganishwa, hata kama kwa macho yote ni meusi.

Kisha huja hesabu. Filta moja haiwezi kutuambia nani katoa nini, kwa sababu kalsiamu iko kwa wengi. Tunakusanya filta za miezi mingi, tunatazama vitu gani hupanda na kushuka pamoja, kisha tunaviweka kwenye ramani ya upepo wa kila siku. Kalsiamu ikipanda pamoja na silika siku kavu zenye malori, hiyo ni barabara. Ikipanda pamoja na salfeti, chembe zinazozaliwa na gesi za bomba, upepo ukitoka upande mmoja tu, mchana na usiku, Jumapili na Jumatatu, hapo tunasimama na kusema.

Siku hizi vijana wananunua vipima hewa vidogo vya mwanga wa leza na kuvining'iniza barazani. Vinasaidia kuonyesha saa mbaya na saa nzuri, na nawasifu wanaofanya hivyo. Ila katika pwani yetu visomwe kwa uangalifu. Chembe ya chumvi huanza kunywa maji unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na alfajiri za Tanga hupita hapo. Inavimba, inatawanya mwanga zaidi, na kifaa kinaandika uchafu ambao kwa kweli ni maji. Kisichokaguliwa kando ya mashine ya filta kisipelekwe kwenye kikao kama ushahidi wa mwisho. Chembe nene pia huvikwepa, kwa hiyo vumbi lako jeupe linaweza kuwa limejaa uani na kifaa kisionyeshe kitu.

Sasa swali lako la pili, lenye uzito zaidi: kujua kwamba chanzo fulani ndicho kinachomuumiza mtu. Katika bonde moja la Utah, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha chuma. Agosti 1986 kilifungwa kwa mgogoro wa wafanyakazi, kikakaa kimya mwaka mmoja na zaidi, kikafunguliwa tena Septemba 1987. Mchumi mmoja, Arden Pope, akaenda kwenye kumbukumbu za hospitali. Katika majira ya baridi ambayo kiwanda kilifanya kazi, watoto waliolazwa kwa matatizo ya kifua walikuwa mara mbili hadi tatu ya wale wa majira ya baridi kilipokuwa kimefungwa. Watu ni walewale na mji ni uleule. Kilichobadilika ni moshi. Miaka baadaye wanasayansi walizichukua filta za zamani zilizohifadhiwa, wakatoa vumbi lake, wakaliweka kwenye mapafu ya panya na hata ya watu waliojitolea. Vumbi la miezi kiwanda kikiwa wazi liliwasha uvimbe wa mapafu, na la mwaka kilipofungwa halikufanya hivyo kwa kiasi kile, ingawa uzito uliotumika ulikuwa sawa. Tofauti ilikuwa kwenye metali zilizobebwa na vumbi. Nalieleza kwa urefu kwa sababu linafundisha mambo mawili: chanzo kinaweza kuthibitishwa, na uzito wa vumbi peke yake haumalizi habari. Vumbi la jiwe tupu na masizi yenye metali si sumu moja.

Kwa hiyo usidharau aina. Chokaa iliyochomwa ikiwa mbichi huunguza macho na koo inapokutana na maji ya mwili. Mwenye tanuu la chokaa karibu na nyumba anajua. Vumbi la mawe yenye silika, likivutwa miaka kazini, huacha makovu ya mapafu yasiyopona na humfungulia TB mlango. Hilo huwapata wapasua mawe na wachimbaji kuliko mama aliye dirishani, ndiyo maana nimeuliza kazi alizowahi kufanya.

Na sasa jiko. Nakuomba usilisome hili kama namna ya kumwondolea mtu lawama. Jiko la kuni ndani ya banda huijaza hewa mamia ya mikrogramu za chembe ndogo, na wakati wa kuwasha huweza kupita elfu moja. Linganisha na ile 15 ya siku. Kama mama amepika hivyo tangu usichana, hakuna bomba la Tanga linaloweza kumfikishia kifuani kiasi kama kile alichokivuta akipuliza moto wa makumbi na vifuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mkaa hauonyeshi moshi mwingi, lakini hutoa kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Usilale nao chumbani hata kwa baridi ya Julai. Tazama na vile vidogo tusivyovihesabu. Koroboi hugeuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yake kuwa masizi. Dawa ya mbu ya kuzungusha, utafiti mmoja wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kipande kimoja kikiteketea hutoa chembe ndogo sawa na sigara 75 hadi 137. Kwa mtoto mwenye pumu, hiyo itoke chumbani leo, chandarua kitoshe. Ubani na udi uvifukize milango ikiwa wazi na yeye akiwa nje. Mfuko wa nailoni usiwashiwe moto kamwe.

Ukiweza, hamia kwenye gesi au umeme kwa mapishi ya kila siku, hata kama maharage yatabaki kwenye mkaa uani. Sikushauri ununue jiko banifu la kuni ukitegemea kikohozi kiishe. Malawi walijaribu kwa watoto zaidi ya 10,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa nimonia haikupungua katika nyumba zilizopewa majiko bora ya kuni. Bado kulikuwa na moto wa kuni, moshi wa jirani na taka zinazochomwa. Pafu halihesabu asilimia uliyopunguza, linahesabu kilichobaki. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe. Watu wa Pongwe waulizie sehemu yao humo kwa sauti ileile wanayokiuliza kiwanda.

Barabara ni jambo rahisi kuliko yote na linakera kuona halifanyiki. Malori yafunikwe turubai, yapite polepole kwenye nyumba kwa sababu vumbi hupanda na kasi, barabara imwagiwe maji asubuhi na alasiri wakati wa kiangazi mpaka lami ije. Nyumbani mwagia maji kabla ya kufagia, pangusa kwa kitambaa kibichi, na mtoto asiwepo unapofagia.

Kiwanda nacho kina ya kujibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kanuni za viwango vya hewa zipo tangu 2007. Mwenyekiti wa mtaa aandike barua kwa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, nakala kwa afisa mazingira wa jiji, akiambatisha picha za vioo, daftari la upepo na orodha ya nyumba. Ombeni vitu vinavyopimika: matokeo ya vipimo vya bomba na vya mpaka wa kiwanda, na kumbukumbu za saa ambazo vichujio vya bomba vilizimwa au kuharibika. Vichujio vizuri hunasa karibu vumbi lote. Uchafu mwingi hutoka katika zile saa chache ambazo havifanyi kazi.

Halafu kuna nafasi ambayo Utah waliipata kwa mgogoro na ninyi mnaweza kuipata kwa barua. Matanuri ya saruji husimamishwa mara kwa mara kwa matengenezo, wiki kadhaa. Ombeni tarehe mapema, na ombeni mashine ya filta iwekwe Pongwe wiki mbili kabla, muda wote tanuri likiwa baridi, na wiki mbili baada ya kuwashwa, sehemu mbili: moja karibu na barabara, nyingine mbali nayo. Zahanati yenu iandike kila siku idadi ya watoto waliokuja wamebanwa kifua. Yote yaangukie ndani ya msimu mmoja wa upepo, kusi yote au kaskazi yote. Matengenezo yakiangukia Aprili, wakati masika inaosha hewa na upepo unageuka, vipimo hivyo havitawapa kitu, na ni bora kungoja matengenezo yanayofuata kuliko kupeleka kikaoni takwimu ambazo kiwanda kitazibomoa kwa swali moja.